Kwa nini picha ya babu imedumu kuliko picha ya harusi ya mama?

Tazama kuta za sebule nyingi za Musoma, Bunda au Butiama, utaona jambo la kushangaza kidogo. Picha ya babu ya miaka ya 1960, nyeusi na nyeupe, uso bado unaonekana vizuri. Picha ya rangi ya harusi ya mama, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, imekuwa nyekundu-nyekundu na sura zinapotea. Iliyo changa ndiyo inakufa kwanza! Kwa nini? Jibu liko kwenye kemia.

Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe imepakwa utando wa gelatini, protini inayopatikana kwenye ngozi na mifupa ya mifugo. Ndani yake kuna chembe za chumvi ya fedha, ndiyo, fedha ile ile ya pete na mikufu. Zikipigwa na mwanga, kisha karatasi ikapitishwa kwenye dawa, chembe hizo hugeuka kuwa fedha halisi. Fedha ikiwa katika punje ndogo sana huonekana nyeusi. Chumvi iliyobaki huondolewa kwa dawa nyingine. Kwa hiyo uso wa babu umechorwa kwa metali.

Picha ya rangi nayo huanza na fedha, ila mwishoni fedha yote hutolewa. Kinachobaki ni rangi za kikaboni katika tabaka tatu: njano, majenta (nyekundu inayoelekea zambarau) na siani (buluu inayoelekea kijani). Molekuli za rangi hizi huvunjwavunjwa na mwanga, joto na unyevu. Katika karatasi nyingi za miaka ya 1970, siani ilikuwa dhaifu hata ikiwekwa gizani. Siani ikififia, majenta na njano zinabaki, na hizo mbili zikichanganyika hutoa nyekundu. Kumbe wekundu haukuongezeka, ni buluu iliyoondoka.

Nyeusi na nyeupe pia haina kinga ya milele. Kama fundi hakuisuuza vizuri, mabaki ya dawa huleta madoa ya njano. Na gelatini, kwa kuwa ni protini, hunywa maji. Hewa ikizidi unyevu wa takriban asilimia 65, kuvu huota. Hapo ndipo nyumba za karibu na ziwa zinapohitaji uangalifu zaidi.

Sasa, Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa 1999, na picha zake zina watu wa kuzitunza. Za bibi yako je? Zina sanduku chini ya kitanda, na mara nyingi ni nakala moja tu. Usisubiri. Fanya hivi:

1. Usilaminishe picha ya asili. Joto na gundi havitoki tena.
2. Picha ikiwa imenata kwenye kioo cha fremu, usiibandue, utando utabaki kwenye kioo. Ipige picha hapo hapo.
3. Tumia simu karibu na dirisha lenye kivuli, bila flashi, lenzi ukiwa umeifuta. Shika simu sambamba na picha.
4. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida, ubora unapungua. Weka nakala sehemu mbili tofauti.
5. Ya asili irudishe kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jua, sakafu na ukuta wenye unyevu.

Na jambo moja ambalo kemia haiwezi kukusaidia: majina. Picha iliyofifia inaweza kurekebishwa kwa kompyuta, lakini hakuna programu inayojua kwamba yule wa kushoto ni shangazi. Wikiendi hii keti na mzee wa familia, shika penseli, andika taratibu nyuma ya kila picha: nani, wapi, mwaka gani. Muulize angali anakumbuka.