Upepo Ukigeuka, Nahodha Aseme na Mabaharia Wake

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2019 nilibebeshwa siri ambayo sikuitaka. Nilikuwa msimamizi wa watu saba katika afisi moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwamba kazi ikiendelea kupungua namna ile, watatu kati ya wale saba hawatafika mwisho wa mwaka. Kisha akasema: "Usiwaambie. Tusiwatie watu hofu bure." Nikaitikia, nikarudi mezani pangu, nikaendelea kutania nao kama kawaida.

Leo nataka kueleza jinsi kiongozi anavyofaa kuongoza watu wakati mambo yanapobadilika. Nilisoma somo hilo kidogo nilipokuwa nikichukua stashahada yangu, lakini nililielewa baada ya kulikosea.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017, na mizigo ikafuata Januari 2018. Kabla ya hapo, kontena likishuka Kilindini lilikuwa likilisha watu wengi: wakala anayelipitisha forodhani, karani wa yadi, dereva wa trela na utingo wake, fundi wa magurudumu Changamwe, mama anayeuza chakula Mariakani, na mwenye vyumba vya kulala Mtito Andei. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba makontena yote yanayokwenda Nairobi na bara yabebwe na reli na kukaguliwa Embakasi. Watu wakaandamana hapa mjini, agizo likasitishwa, lakini shinikizo la kutumia reli halikuisha. Machi 2020 Korona ikaingia nchini. Aprili tukazuiwa kuingia na kutoka kaunti ya Mombasa, na Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Ilikuwa hadi Septemba 2022, Rais Ruto alipoapishwa, ndipo ikatangazwa kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Hesabu mwenyewe. Ni miaka mitatu ambayo mwenye kampuni alilala bila kujua kesho itakuwaje. Sasa tuulize: kiongozi afanye nini katika hali kama hiyo, ambayo hakuileta yeye wala hana uwezo wa kuizuia?

Wataalamu wa uongozi wameandika mengi kuhusu jambo hili. Aliyenisaidia mimi zaidi ni Mmarekani mmoja, William Bridges, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka wa 1991. Yeye hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuna badiliko, na kuna mpito. Badiliko ni jambo la nje: reli imefika, mtambo mpya umewekwa, afisi imehama. Linaweza kutokea kwa siku moja. Mpito ni safari ya ndani ya nyoyo za watu wanaolipokea badiliko hilo, nayo huchukua muda. Ina hatua tatu. Kwanza kuna kitu kinachoisha, na watu hukililia. Kisha kuna kipindi cha katikati, ambapo la zamani limeondoka na jipya halijakaa. Mwisho ndipo huja mwanzo mpya.

Viongozi wengi hutaka kuanzia hatua ya tatu. Wanaitisha mkutano, wanatangaza mfumo mpya, wanatarajia makofi. Wasipoyapata husema watu wetu wa Pwani hawapendi mabadiliko.

Si kweli. Nilianza kazi hii nikiwa kijana, wakati forodha ilipoingiza mfumo wa kompyuta wa Simba mwaka wa 2005. Makarani wazee waliupinga, nasi vijana tukawacheka. Siku hizi ndiyo najua walichokuwa wakipoteza. Mzee wa miaka ishirini kazini alijua faili ipite meza gani, lini, na kwa maneno gani. Elimu yake ilikuwa katika miguu yake na katika salamu zake. Kwa siku moja elimu hiyo ikawa haina bei, na yeye akatakiwa kuketi kando ya kijana kama mimi afundishwe kubonyeza. Hakuichukia kompyuta. Kilichomuuma ni kufanywa mwanafunzi mbele ya watoto wake. Lau kungekuwa na mtu wa kumwambia, "Mzee, haya uyajuayo kuhusu aina za bidhaa na ushuru wake bado tunayahitaji, kijana atabonyeza nawe utamwelekeza," wengi wangebaki. Nasi tungeepuka makosa mengi tuliyoyafanya baadaye.

Hilo ndilo jambo la kwanza: tambua kinachoisha, ukitaje kwa heshima.

La pili ni kusema mapema. Nilipokuwa nimekaa na siri yangu, afisi haikutulia hata kidogo. Watu si wajinga. Waliona faili zimepungua, waliona milango inafungwa, waliona sisi wakubwa tunanong'ona. Kila mmoja akajitungia habari yake, na habari za kutunga huwa mbaya kuliko kweli. Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba wafanyakazi hodari wataondoka mapema, na kwamba wateja wakisikia watahama. Lakini waliokuwa hodari ndio walioondoka kwanza, kwa sababu wao ndio waliokuwa na pa kwenda. Wateja nao walisikia uvumi kutoka kwa hao hao.

Kusema mapema si lazima uwe na majibu yote. Sema unalolijua, sema usilolijua, na useme lini utarudi na habari zaidi. Mtu huweza kustahimili "sijui, lakini Jumatatu nitawaambia nilichopata" kuliko kunyamaziwa.

La tatu ni shura. Katika dini yetu Mwenyezi Mungu ameamrisha mashauriano, na kuna sura nzima yenye jina hilo, lakini katika afisi zetu shura hugeuka kuwa mkutano wa kutangaziwa yaliyokwisha amuliwa. Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa na kampuni ndogo kuliko yetu. Agizo la reli lilipotoka aliwaita wafanyakazi wake wote, hadi tarishi, akawafungulia vitabu vya hesabu: kinachoingia ni hiki, kinachotoka ni hiki, tukiendelea hivi tuna miezi mitano. Akauliza, tufanyeje? Tarishi ndiye aliyesema kwamba wateja bado watahitaji mtu wa kuwafuatilia mizigo Embakasi, na kwamba yeye ana ndugu Nairobi, yuko tayari kuhamia huko. Karani mmoja akakumbusha kwamba magari ya mitumba hayaji ndani ya kontena la kupakiwa kwenye treni, hushuka melini kwa magurudumu yake, kwa hivyo kazi hiyo itabaki hapa. Wakaelekeza nguvu huko. Mwenye kampuni akakata mshahara wake kwanza, kisha wengine wakakubali kukatwa kiasi. Wawili waliondoka kwa hiari. Kampuni ipo hadi leo.

Wale waliotoa rai hizo hawakuwa na shahada ya uongozi. Walikuwa na kazi mikononi, wakijua inashikwa wapi.

La nne ni kiongozi kuanza na nafsi yake. Kisa cha Hudaybiyya tunakisikia mimbarini, lakini aghalabu hatukichukulii kama somo la uongozi. Mwaka wa 6 Hijria, Waislamu walitoka Madina kwenda kufanya umra, Makuraishi wakawazuia, na mkataba ukaandikwa kwamba mwaka huo warudi. Mtume (S.A.W.) akawaamuru masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe. Akarudia mara tatu, na hakuna aliyesimama. Hawakuwa waasi. Walikuwa watu waliokuja na tumaini kubwa na tumaini hilo limekatika mbele ya macho yao. Walikuwa katika ile hatua ya katikati niliyoieleza. Mtume akaingia kwa mkewe, Ummu Salama (R.A.), akamweleza. Ummu Salama akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Alipofanya hivyo, wote wakainuka wakamfuata.

Ndani ya kisa hicho mna mambo mawili. Kiongozi alipokea ushauri, tena kutoka kwa mkewe, wakati wa dhiki. Na wakati maneno yaliposhindwa kuwainua watu, kitendo chake kiliwainua. Kwa hivyo bwana mkubwa anayetaka wafanyakazi wapunguze matumizi huku gari lake jipya liko nje ya mlango, asishangae wasipoinuka.

La tano ni haki ya anayeondoka. Kuna wakati hesabu hazikubali, na lazima watu wapunguzwe. Hapo sheria iko wazi, nami nasikitika kwamba wengi wetu hatuijui. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinasema mfanyakazi asiye mwanachama wa chama cha wafanyakazi apewe ilani ya maandishi yeye mwenyewe, na afisa wa leba ajulishwe pia. Aliye mwanachama, chama chake na afisa wa leba wajulishwe, pamoja na sababu na idadi, muda usiopungua mwezi mmoja kabla. Kuchagua nani aondoke kuzingatie muda aliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wake, wala si nani anapendwa na nani hapendwi. Alipwe siku za likizo alizobakisha, alipwe mwezi mmoja wa ilani au apewe ilani yenyewe, na alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Hiyo ni haki yake kisheria, haitegemei hisani ya mtu. Na wanaobaki huangalia sana jinsi wanaoondoka walivyotendewa, kwa sababu wanajua zamu yao yaweza kufika.

Nirudi kwenye siri yangu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, mmoja wa watu wangu saba alinijia na tabasamu. Alikuwa amechukua mkopo wa sako ili aanze kujenga, akataka nimtilie sahihi barua ya kuthibitisha kwamba ni mwajiriwa. Nilijua jina lake limo katika wale watatu. Ningeweza kumwambia, "Ndugu yangu, ngoja kidogo." Nilitia sahihi. Mwezi wa Novemba aliachishwa kazi. Msingi wa nyumba ile umeota majani hadi leo. Nikikutana naye baada ya swala ya Ijumaa hunipa mkono, huniuliza hali ya watoto. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo zito zaidi kwangu.

Nilipata nafasi ya kufanya tofauti. Machi 2020 misikiti na madrasa zilipofungwa, nilikuwa katika kamati ya madrasa ya mtaani kwetu. Mishahara ya walimu hutoka katika ada za wazazi, na wazazi wengi walikuwa watu wa hoteli na bandari. Baadhi ya wanakamati walisema tusiwaambie walimu lolote kwanza. Nikasimama nikapinga. Tukawaita maustadhi wiki ile ile, tukawaambia fedha zilizopo ni za miezi miwili, na baada ya hapo hatuna ahadi. Ilikuwa jioni ngumu. Ustadh mmoja alisema basi atarudi kwao Kwale kulima, na milango ikifunguliwa tumwite. Mwingine akaomba aanze kurekodi masomo kwa sauti na kuwatumia wazazi kwa simu. Wazazi wachache waliokuwa na uwezo waliposikia ukweli wa hali, wakachanga. Madrasa ilipofunguliwa, maustadhi wote walirudi, hata yule wa Kwale. Masomo ya sauti tumeendelea nayo kwa watoto wanaougua au kusafiri.

Nisieleweke vibaya. Si kila kipya ni cha kukimbiliwa. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kiongozi mzuri pia huwaambia watu wake ni kitu gani hakitabadilika, na hilo huwapa mahali pa kukanyaga wakati mengine yanatikisika. Madrasa yetu ilibadilisha njia ya kufundisha, haikubadilisha kinachofundishwa.

Nayaandika haya kwa sababu mawimbi hayajaisha. Mwaka wa 2023 serikali ilipotangaza mpango wa kutafuta wawekezaji wa kibinafsi wa kuendesha baadhi ya gati za Mombasa na Lamu, hofu ile ile ilirudi vijiweni. Hoteli zetu zina misimu yake, na kompyuta inaendelea kuchukua kazi za makarani. Huenda wewe msomaji ni mwenyekiti wa chama cha akina mama, mkuu wa shule, mwenye malori matatu au imamu wa msikiti wenye kamati iliyogawanyika. Kama kuna jambo unalijua leo ambalo litabadilisha maisha ya watu wako, na hujawaambia, waite kabla ya wiki hii kwisha. Mmoja wao huenda yuko njiani kwenda kuchukua mkopo.