Lufingo hadi Dar: Saa za Angani, Saa za Barabarani

Kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, hadi Dar es Salaam kwa ndege ni kama kilomita 690. Umbali huo hukokotolewa kwa latitudo na longitudo za viwanja viwili, kwa kufuata mviringo wa dunia. Rubani atakutajia maili 370 na ushee, kwani maili ya angani, sawa na ya baharini, ni mita 1,852.

Wengi huigawa namba hiyo kwa mwendo wa ndege na kudhani wamemaliza hesabu. ATR 72, ndege ya mapanga, hukimbia takriban kilomita 500 kwa saa: dakika 83. Jeti aina ya Airbus A220 hufika 830: dakika 50. Lakini hakuna ndege inayokimbia hivyo tangu mlango unapofungwa. Hutembea ardhini hadi njia ya kurukia, hupanda, huanza kushuka mapema, na ikifika Dar huenda ikazungushwa ikingoja zamu ya kutua. Ongeza dakika 20 hadi 30. Upepo nao una sehemu yake. Ukivuma kwa mbele kilomita 50 kwa saa, ATR huchelewa dakika tisa, jeti dakika tatu tu.

Hesabu hiyo ni ya aliyekwisha kaa kitini. Mkazi wa Lufingo, wilayani Rungwe, anaanzia mbali zaidi. Tangu shughuli za ndege zilipohamia Songwe mwishoni mwa 2012, abiria wa Rungwe hufika Uyole, kisha badala ya kushika mashariki iliko Dar, hugeuka magharibi, akapita katikati ya Mbeya. Kutoka Tukuyu hadi uwanjani ni kama kilomita 90, zenye milima, kona, malori na, asubuhi nyingi, ukungu. Kwa Noah au Kosta inayosimama kila kituo, weka saa mbili na nusu. Uwanjani fika saa mbili kabla, maana dirisha la kupokea abiria hufungwa mapema. Ukitua, kuna foleni za Dar.

Kwa jumla ni kama saa saba, na angani umekaa chini ya mbili. Kwa basi, barabara inayokaribia kilomita 900 huchukua siku nzima, hivyo ndege bado ina faida. Ila anayemwahi mgonjwa Muhimbili asipange safari kwa muda ulioandikwa kwenye tiketi.

Kwa sababu hiyo, mradi wa njia nne kati ya Uyole na Songwe, kilomita 29, naupa uzito kuliko aina ya ndege. Kubadili ATR kwa jeti huokoa kama nusu saa. Msongamano wa Mbeya ukipungua, nusu saa hiyohiyo itapatikana ardhini, na ataifaidi hata asiyepanda ndege.