Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Mtu akiletewa bilauri mbili, moja ya maji ya tope na nyingine ya maji maangavu, atachagua ya pili bila kusita. Hata hivyo, katika kemia jicho peke yake si hakimu wa kutosha.

Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa bilauri tatu za maji. Ya kwanza itiwe kijiko cha chumvi, ya pili matone machache ya maziwa, na ya tatu udongo kidogo. Kisha zikorogwe na kuachwa zitulie. Punde mchanga huzama chini ya bilauri ya tatu. Chembe zake zilielea kwa muda tu, na karatasi ya kuchujia huzinasa. Maji ya chumvi na ya maziwa hupenya karatasi hiyo.

Je, hayo mawili yatofautishwe vipi? Chumba kitiwe giza, na mwali wa kurunzi upitishwe ubavuni mwa kila bilauri. Katika maji ya chumvi njia ya mwali haionekani, kwani huo ni mmumunyo, na chembe zake ni ndogo mno. Katika maziwa njia hiyo hung'aa, kwa kuwa chembe zake hutawanya nuru. Maziwa ni koloidi, jina lililotolewa na Thomas Graham, mwanakemia wa Uskoti, mwaka 1861. Chembe za koloidi kwa kawaida zina upana wa nanometa 1 hadi 1,000.

Maji ya udongo nayo huweza kulala usiku kucha yakabaki na ukungu. Chembe laini za mfinyanzi hubeba chaji za aina moja, hivyo husukumana. Shabu huzifanya zishikamane, zikawa nzito na kuzama.

Elimu hii si ya maabara tu. Kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, miamba ya volkano huyatia maji floraidi. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika. Maji hayo huwa maangavu, kwa kuwa ni mmumunyo. Kitambaa hakiichuji floraidi, na kuyachemsha hupunguza maji tu, floraidi ikabaki. Mkaa wa mifupa huiondoa, kwa sababu huivuta na kuishika usoni mwake.

Basi, kabla ya kuuliza maji yasafishwe vipi, sharti kwanza ijulikane yamechanganyika na nini, na kwa namna gani.