Pumzi na Uzani Majini: Jinsi Mzamiaji Anavyojisawazisha

Bariadi iko mbali na maji makuu, lakini Wilaya ya Busega, katika mkoa huohuo wa Simiyu, inapakana na Ziwa Victoria. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, wazamiaji waliingia ziwani kutafuta watu. Kazi kama hiyo humtaka mtu atumie mikono huku mwili wake ukibaki palepale, haupandi wala hauzami. Uwezo huo hutegemea sana mapafu. Ndiyo maana unamhusu pia mhudumu wa afya.

Mzamiaji hujisawazisha kwa mambo matatu: vizito vya risasi, hewa iliyomo ndani ya koti la kuelea, na pumzi. Avutapo pumzi hupanda kidogo, aitoapo hushuka. Maji baridi ya ziwa humwinua mtu kidogo kuliko maji ya chumvi, hivyo aliyejifunza kuzamia Unguja hana budi kupunguza vizito.

Hatari huanza pale akili inapotekwa na kazi, kama vile kuondoa maji yaliyoingia katika miwani. Mtu huzuia pumzi bila kujua, mapafu hubaki yamejaa, naye huanza kupanda. Kadiri anavyopanda, mgandamizo wa maji hupungua na hewa hutanuka: hewa iliyovutwa katika kina cha mita 10 huongezeka takriban mara mbili ifikapo juu. Koti nalo hutanuka na kuzidisha kasi. Mapafu yaliyofungiwa hewa huweza kupasuka, na hewa hiyo ikaingia kifuani au katika damu hadi kwenye ubongo.

Kwa hiyo, mzamiaji ajisawazishe kwanza, ndipo ashike kazi. Apumue polepole bila kukatiza, na atoe hewa ya koti anapopanda.

Mgonjwa aliyetoka kuzamia kwa mtungi, ulizwe au usiulizwe, eleza jambo hilo. Mhudumu akiona maumivu ya kifua, kukohoa damu, ganzi, kupooza au kuchanganyikiwa, amlaze mgonjwa chali, ampe oksijeni kwa kiwango cha juu kabisa na kuandaa rufaa mara moja. Dalili zikipungua, rufaa isisitishwe. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kumpandisha mgonjwa juu zaidi, hasa kwa ndege, huweza kumzidishia madhara.