Mtoto Anapokataa Chakula Chenye Virutubishi vya Nyongeza

Mama mmoja alirudi kliniki na mwanawe wa miezi 11, mkononi akiwa na pakiti 22 kati ya 30 za virutubishi vya unga tulizompa. Alisema mtoto haitaki dawa ile. Akiwekewa tu kwenye uji, anageuza uso. Muuguzi alimwuliza swali moja: "Mama, uji ulikuwa wa moto kiasi gani ulipomwaga unga?" Mama akajibu: "Unatoka jikoni, dada, bado unachemka." Jibu hilo lilitosha kueleza kisa chote. Uji ule ulikuwa umepata ladha ya kutu, na mtoto aliitambua kabla ya mama yake.

Visa vya namna hii ni vingi. Mlezi huona kwamba mtoto ni mkaidi, mhudumu wa afya huona kwamba mlezi ni mzembe, na pakiti hubaki kabatini huku damu ya mtoto ikizidi kupungua. Makala haya yanaeleza kwa nini mtoto hukataa chakula kilichotiwa virutubishi, na nini kifanyike ili akile kwa hiari na kwa usalama.

Kwa nini virutubishi vinahitajika

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoipata tumboni mwa mama. Anapokaribia miezi sita akiba hiyo huwa imepungua sana. Maziwa ya mama huendelea kuwa chakula bora, lakini yana chuma kidogo. Hivyo sehemu kubwa ya chuma lazima itoke kwenye chakula kingine. Tumbo la mtoto nalo ni dogo. Mtoto wa kilo 8 huweza kula takriban mililita 240 kwa mlo mmoja, na kiasi hicho cha uji mtupu wa mahindi hakiwezi kumpa chuma anachohitaji.

Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Ukosefu wa chuma ni moja ya sababu kuu za hali hiyo. Nyingine ni malaria, minyoo, maambukizi na seli mundu. Upungufu wa chuma katika miaka miwili ya mwanzo huathiri ukuaji wa ubongo. Tena, upungufu wa chuma na wa zinki hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo mtoto anayehitaji virutubishi zaidi ndiye mara nyingi asiyetaka kula.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza virutubishi vya unga kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 mahali ambapo upungufu wa damu kwa watoto wadogo unafikia asilimia 20 au zaidi. Kila pakiti huwa na chuma miligramu 10 hadi 12.5, zinki miligramu 5, vitamini A, na mara nyingi virutubishi vingine. Lengo ni pakiti 90 katika miezi sita.

Unga ulivyotengenezwa

Zamani watoto walipewa chuma kwa matone. Matone yalikuwa na ladha ya chuma, yalitia meno madoa, na wazazi wengi walishindwa kuyapima sawasawa. Katika miaka ya 1990 daktari wa watoto Stanley Zlotkin na wenzake mjini Toronto, Kanada, waliunda njia nyingine: chembe za chuma zikafunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta, zikachanganywa na virutubishi vingine, na kufungwa katika pakiti ya dozi moja. Utando huo huzuia ladha ya chuma isifike kwenye ulimi.

Karibu kila kosa la matumizi hutokana na kuuharibu utando huo, au na unga kutofika wote tumboni.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Acha chakula kipoe hadi kiwe cha vuguvugu, tayari kuliwa. Kikiwa cha moto sana, utando wa mafuta huyeyuka na chuma hubadilisha rangi na ladha ya chakula. Kamwe usipike pamoja na unga.

2. Tumia chakula kizito au kilichopondwa: uji mzito, viazi vitamu, ndizi, wali laini na maharage, au ugali laini na mboga. Katika chai, maziwa, maji au uji mwepesi, unga huelea na kuganda kwenye kingo za kikombe. Chai, zaidi ya hayo, huzuia chuma kufyonzwa.

3. Tenga vijiko vichache tu vya chakula pembeni mwa bakuli, mimina pakiti nzima hapo, koroga, umpe mtoto sehemu hiyo kwanza, angali na njaa. Akishiba kabla ya kumaliza chakula kingine, virutubishi vitakuwa vimeshaingia.

4. Hakikisha sehemu hiyo imeliwa ndani ya dakika 30. Ikikaa zaidi, rangi na ladha huanza kubadilika.

5. Pakiti moja ni ya mtoto mmoja, na isizidi moja kwa siku. Usiimimine katika sufuria ya familia, wala usiigawe kwa watoto wawili.

Kinyesi kitakuwa cheusi zaidi. Hiyo ni chuma ambacho hakikufyonzwa, na si dalili ya ugonjwa. Siku za mwanzo baadhi ya watoto hupata choo laini au choo kigumu kwa muda mfupi. Mlezi asipoelezwa haya mapema, ataacha kutumia, na kuacha kwake kutakuwa na mantiki.

Mtoto anapokuwa mgonjwa

Wakati wa homa, kemikali zinazotolewa na kinga ya mwili hupunguza hamu ya kula. Vilevile pua iliyoziba, vidonda au utando mweupe mdomoni hufanya kumeza kuwe kugumu. Kwanza tafuta sababu na uitibu. Mnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi, mpe vinywaji, na umlishe chakula laini anachokipenda, kidogokidogo lakini mara kwa mara. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Unga unaweza kusubiri hadi atibiwe. Baada ya kupona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, kwa kuwa huo ndio wakati hamu hurudi na mwili hufidia uliyoyapoteza.

Mambo mawili ya kuepuka

La kwanza ni kumlisha mtoto kwa nguvu. Kumlaza chali, kumziba pua na kumimina uji mdomoni kunaweza kupeleka chakula kwenye mapafu. Matokeo yake ni nimonia, au kukabwa na kufa papo hapo. Mkalishe mtoto wima, mtazame, ongea naye, na akigeuza uso pumzika kidogo kabla ya kujaribu tena. Asipokubali, ondoa chakula ujaribu mlo unaofuata.

La pili ni kuficha dawa chungu katika chakula anachokipenda zaidi. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani Ilene Bernstein alionyesha kuwa watoto wenye saratani waliokula aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya dawa iliyowatapisha waliikataa aiskrimu hiyo baadaye. Ubongo huunganisha ladha na kichefuchefu. Mtoto mgonjwa mwenye vyakula vitatu tu anavyovikubali hawezi kumudu kupoteza kimoja.

Nani asipewe bila ushauri

Chuma si kitu cha kuchezea. Kisiwani Pemba, utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 24,000 ulisimamisha utoaji wa chuma mwaka 2003, baada ya kuonekana kuwa waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Hata hivyo, katika kundi dogo lililochunguzwa na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Funzo lake ni kwamba katika maeneo ya malaria, virutubishi vya chuma viende sambamba na chandarua chenye dawa, vipimo vya haraka na tiba.

Mtoto anayetumia chakula dawa kutibu utapiamlo mkali asipewe unga huu, kwani chakula dawa tayari kina chuma. Mwenye seli mundu, hasa aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, asipewe bila ushauri wa daktari. Pakiti zihifadhiwe mbali na watoto, kwa maana chuma kingi kwa mara moja ni sumu.

Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea sana, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa mhudumu wa afya

Mlezi anaposema "mtoto anakataa", uliza mambo manne kabla ya kutoa nasaha: chakula gani kilitumika, kilikuwa cha moto kiasi gani, unga uliwekwa wapi, na mtoto alilishwaje. Kisha mwombe akuonyeshe kwa mikono yake, ukiwa na bakuli na kijiko mezani. Dakika tano za kutazama hufichua yale ambayo fomu haiyaandiki.

Mama yule tulimpa bakuli la viazi vitamu vilivyopoa na pakiti moja. Alitenga vijiko vitatu, akakoroga, akamlisha mwanawe mbele yetu. Mtoto alivila vyote, akafungua mdomo tena.