Swala wa Sekenke ni wa Nani?

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega huupita mji mdogo wa Misigiri, na baada ya mwendo ardhi humwishia ghafula mbele ya macho. Hapo ndipo Sekenke. Barabara huteremka kwa kona ambazo, enzi za vumbi, ziliwatia jasho madereva wa malori hata wale waliojigamba kuwa wamezaliwa na usukani mkononi. Chini ya mteremko kuna Shelui, na mbele yake imetandaa mbuga ya Wembere, tambarare pana ambayo masika hugeuka bwawa na kiangazi hupasuka nyufa. Maji yake huelekea ziwa Kitangiri, na kutoka Kitangiri mto Sibiti huyapeleka ziwa Eyasi.

Palipo na maji, majani na vichaka vya miiba hapakosi wanyama. Digidigi hujificha vichakani wawili wawili, kanga huparura mashambani baada ya mavuno, na swala, pale alipobaki, hutoka asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Ndiyo maana wazo la kwenda kuwinda mwisho wa wiki halijapata kufa katika miji iliyo jirani.

Ndugu msomaji, si vigumu kuona jinsi wazo hilo linavyozaliwa. Mfanyakazi amechoshwa na wiki nzima ya kazi. Anaye shemeji yake mwenye shamba la alizeti huko bondeni, ambaye kila akija mjini hulalamika kwamba wanyama wanammaliza. Anaye pia rafiki mwenye bunduki iliyoandikishwa kihalali. Basi Ijumaa jioni, mbele ya kikombe cha kahawa, hesabu inakamilika: shamba ni la shemeji, bunduki ina karatasi zake, mnyama ni mharibifu, na nyumbani watoto hawajaonja kitoweo cha maana tangu sikukuu. Kosa liko wapi?

Kosa liko katika neno moja tu, nalo ni lile neno "la". Shamba la shemeji halimfanyi swala aliyesimama ndani yake kuwa wa shemeji. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile Na. 12 ya 1974, inasema kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kwa amana kwa niaba ya wananchi. Ardhi nayo ni vivyo hivyo, kama zinavyosema sheria mbili za ardhi za mwaka 1999. Shemeji anayo haki ya kuitumia ardhi, kuilima na kuirithisha. Haki ya kumuua mnyama aliyeingia usiku kutoka mbugani hakupewa pamoja na shamba. Na leseni ya bunduki ni ruhusa ya kuwa na bunduki. Leseni ya kuwinda ni karatasi nyingine kabisa.

Hapa inafaa tupumzike kidogo kwa jambo la lugha, maana limewachanganya wengi. Watu waliosoma habari za uwindaji wa Ulaya na Marekani huona picha ya mnyama mwenye pembe zenye matawi kama mti, kisha wakamwita kulungu. Mnyama huyo hayuko Sekenke, wala si wa asili popote katika Afrika ya kusini ya Sahara. Barani kwetu jamaa zake wa asili wako Algeria na Tunisia tu. Pembe zake huanguka kila mwaka zikaota upya, ilhali pembe za swala, za tandala na za kulungu wetu hukaa naye hadi kufa. Waliotafsiri Zaburi walilijua tatizo hili, nao wakamwita ayala. Lingekuwa jambo jema kama waandishi wa siku hizi wangeliazima neno hilo badala ya kumsingizia kulungu pembe asizokuwa nazo.

Tofauti hiyo ya mnyama inakwenda sambamba na tofauti ya sheria. Huko Uingereza haki ya kuwinda huifuata ardhi, na mwenye ardhi aweza kuiuza au kuikodisha. Katika jimbo la Texas, ambako sehemu kubwa mno ya ardhi ni ya watu binafsi, wenye mashamba hutoza fedha kwa msimu ili wageni waingie kuwinda ayala, na kuna familia zinazopata humo zaidi ya wapatavyo kwa ng'ombe. Jirani zetu wa Kenya walichagua njia iliyo kinyume kabisa: mwaka 1977 walipiga marufuku uwindaji. Tanzania imesimama katikati. Mwananchi aweza kuwinda, lakini kwa kibali, katika eneo lililotajwa, mnyama aliyetajwa na idadi iliyotajwa.

Sheria za namna hii hazikuanza juzi. Mwaka 1896 gavana wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni lote. Miaka kumi na moja baadaye dhahabu ikagunduliwa Sekenke, na mgodi ukafunguliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na kuishiwa na fedha, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15, za mwaka 1916. Upande mmoja wa sarafu ile amechorwa tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake. Wanyamapori na dhahabu, vyote viwili vya nchi hii, vimekaa katika kipande kimoja cha chuma cha mtawala. Sijapata kuona picha inayoueleza ukoloni kwa ufupi kuliko hiyo.

Waingereza walikuja na mambo yao. Mkuu wao wa kwanza wa idara ya wanyama, C. F. M. Swynnerton, baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, na mwaka 1938 alikufa katika ajali ya ndege karibu na Singida pamoja na mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt. Katika miongo hiyo serikali ile ile iliyomkamata mwenyeji kwa kumpiga mshale swala mmoja, mahali pengine iliwaua wanyama kwa mamia ili kuufukuza ugonjwa wa malale na nagana. Mwenyeji aliyewinda kwa ajili ya chungu chake aliitwa jangili. Mgeni aliyewinda kwa ajili ya ukuta wa sebule yake aliitwa mwindaji. Majina hayo mawili yalikaa muda mrefu, na wengine watasema hayajahama.

Baada ya uhuru, uwindaji ulifungwa nchi nzima Septemba 1973 na kufunguliwa tena mwaka 1978. Tangu hapo mwananchi anayetaka kuwinda kwa halali huanzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya, na swali lake la kwanza halina budi kuwa hili: je, eneo fulani limefunguliwa msimu huu kwa uwindaji wa wenyeji? Jibu likiwa hapana, safari imekwisha kabla ya kununua petroli. Likiwa ndiyo, atalipia mnyama kwa mnyama, na karatasi atakayopewa haimruhusu kupiga kinginecho hata kama kimesimama mbele yake kama kimefungwa kamba.

Msimu huanza Julai, wakati nyasi zimelala na ndama wengi wamekwisha kukua. Mwindaji mwema huondoka kambini alfajiri, akautafuta upepo kwa kuachia vumbi kidogo mkononi, kisha akaenda akiukabili. Hapigi akiwa garini. Hawindi usiku kwa kurunzi. Jike lenye mimba au lenye mtoto huliacha, na mtoto vilevile. Risasi huelekezwa nyuma ya bega, na baada ya mlio anangoja, maana mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa papo hapo hukimbia mbali akafia asipoonekana. Kama miongoni mwa wenzake wamo Waislamu, basi jina la Mungu hutajwa kabla ya kufyatua, na kisu kiwe tayari ili mnyama achinjwe akiwa bado na uhai. Kazi ya kuchuna na kupasua ifanyike kabla ya jua kupanda, kwani joto la Wembere halina huruma na nyama. Jioni, kwa ugali wa mtama na mlenda, hakuna atakayekumbuka uchovu.

Hiyo ndiyo wikiendi ya halali. Ile nyingine, ya shemeji na rafiki, inafaa izungumzwe bila kuficha, hasa katika ukurasa usomwao na familia. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kosa ambalo adhabu yake, kesi ikishtakiwa kama uhujumu uchumi, ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Na nyara si pembe za ndovu tu. Nyama ni nyara. Paja moja la swala huhesabiwa kuwa swala mzima aliyeuawa, na afisa wa wanyamapori huandika thamani yake hivyo. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zina majina mengi ya wanavijiji waliofungwa miaka 20 kwa vipande vya nyama vilivyotosha mlo wa siku mbili.

Tena kosa ni kukutwa nayo, si kuua tu. Mama aliyeletewa kilo mbili zimefungwa katika gazeti, akaziinjika bila kuuliza, naye yumo hatarini. Ndiyo maana zawadi ya nyama kutoka safarini hapana budi iulizwe asili yake mlangoni, hata kama aliyeileta ni baba mkwe.

Kwa upande wangu naiona kanuni ya mali ya umma kuwa ya haki, maana bila hiyo swala wote wangekwisha kuwa wa wenye fedha. Ila nashindwa kumjibu mkulima wa Shelui. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeruhi na wafiwa, lakini ni kwa ajili ya wanyama wakali. Swala na ngiri hawana kifuta jasho. Akimuua mnyama katika kujilinda au kuilinda mali yake, sheria inamwelewa, ila anatakiwa kutoa taarifa, na mzoga ni wa serikali. Anabaki na bua lililoliwa.

Upande wa pili wa ziwa Eyasi, katika bonde la Yaeda, Wahadzabe walipewa mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao, hati ya jamii nzima. Wao ni wawindaji wa upinde tangu kale, na hati ile iliwapa nguvu ya kuwazuia wengine wasiifyeke misitu ambamo mnyama na nyuki hukaa.

Kwa aliyeko mjini mwenye hamu ya kitoweo tu, ipo njia isiyohitaji bunduki wala shemeji. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Nunua huko, na stakabadhi usiitupe hadi sufuria limeoshwa.