Esansi ya chupa: wakiongeza petroli, motere njo inalipa

Kuanzia Kasongo mpaka Kabambare, motari wengi wananunua esansi ya chupa kando ya barabara. Kuko wauzaji wanaoongeza ndani petroli ya taa ili bidoni ijae. Wanasema: yote ni mafuta, itawaka tu. Kuwaka itawaka, lakini namna gani?

Esansi inageuka mvuke haraka. Petroli ni nzito, inakawia. Mu motere yenye joto, petroli inajiwakia yenyewe mbele moto wa buji haujaifikia. Pale njo unasikia ile kelele ya kugonga, zaidi ukipanda mlima na mizigo. Ile isiyoungua inaacha masizi ku buji, inateremuka pembeni ya pistoni na kuosha oili. Chuma kinakulana, moshi unaanza.

Na dilua ya rangi? Hapa watu wanabishana, na si bure. Tolueni, inayopatikana mu dilua nyingi, inazuia kugonga: mafuta ya motere za Honda mu Formula 1 ya 1988 yalikuwa na tolueni 84 kwa mia. Lakini dilua ya duka ina vitu vingine, kama asetoni, inayoharibu mipira. Mimi siitie mu pikipiki yangu.

Ndugu motari, tia tone moja ku karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka upesi. Petroli inaacha doa la mafuta.

Na wewe mama, bidoni iliyochanganywa usiitie mu taa. Petroli ya kweli haitoe mvuke wa kushika moto chini ya digrii 38 hivi. Esansi inautoa hata mu baridi kali. Taa inaweza kukulipukia mkononi.